Zimwi Haliulizi Maswali Kumi

Chemshabongo yenyewe ilikuwa na maswali kumi. Niliifanyia ndani ya feri, natoka Likoni naenda kisiwani, simu mkono huu, mkono wa pili nimeshika mkoba nisije nikaliwa. Swali la kwanza: wapenda mchana au usiku? La pili: ukikasirika wanyamaza au wapiga kelele? La nane sikulielewa, nikabonyeza tu. Feri ilipogusa ng'ambo nikapewa jibu langu. Kiongozi wangu wa kiroho ni sentauri, nusu mtu nusu farasi, na chini ya picha wameandika kwamba yanipasa nizikumbatie pande zangu mbili. Nizikumbatie, yaani kama binamu waliokuja sikukuu.

Rafiki yangu wa Kisauni alipata nguva. Mwengine wa Changamwe alipata finiksi, yule ndege anayeungua kisha azaliwe upya kwenye jivu lake, na wiki nzima stetasi zake zikawa ni moto mtupu. Sikatai, mchezo ni mtamu. Ukiwa umesimama jua kali na watu elfu moja wanaosukumana, kuambiwa kwamba ndani yako kuna farasi si jambo baya. Ila niliposhuka nikabaki na swali la kumi na moja, ambalo hakuna aliyeniuliza: nusu mtu nusu mnyama, huyu si nimemjua tangu utotoni? Mbona hakuna mtu mzima aliyewahi kuniambia nimkumbatie?

Kila mtoto wa Mombasa amehadithiwa hadithi ya kwato. Mwanamume yuatembea usiku. Mahali pabadilika kwa msimulizi, kila mtaa wataka hadithi iwe yake. Mbele yake kuna mwanamke wa buibui, mrembo, anukia udi hadi ng'ambo ya barabara. Mwanamume amfuata, waongea, wacheka. Upepo wapita, buibui lainuka kidogo, na chini hakuna miguu, kuna kwato za punda. Mwanamume atoka mbio. Akimbia mpaka aone taa, na chini ya taa kuna mlinzi amekaa kwenye kiti chake. Amweleza yote, pumzi juu juu. Mlinzi amsikiliza kwa huruma, kisha avuta suruali yake juu na kuuliza: "Kwato zenyewe zilikuwa kama hizi?"

Nilipokuwa mdogo nilidhani hadithi hii yamhusu yule mwanamke. Siku hizi nadhani yamhusu mlinzi. Unapokimbia kiumbe cha nusu kwa nusu, unayemkimbilia akuokoe naye ni nusu kwa nusu. Hadithi haikuambii ujipende wala ujikubali. Yakuambia uangalie miguu ya watu, na labda na yako.

Hoja yangu katika makala haya ni hii. Fasihi yetu ya pwani, iliyoandikwa na inayosimuliwa, haimchukulii kiumbe wa ajabu kama kioo. Yamchukulia kama jirani. Kioo hukuonyesha wewe mwenyewe, na ukichoka wakigeuza ukutani. Jirani ana jina lake, ana njaa yake, na ukimkopa atakuja kubisha hodi. Tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo. Kwangu mimi haikuwa ndogo, wala haikuwa ya vitabuni pekee, na sitamficha msomaji sababu.

Nilikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, nikisomea uhasibu. Muhula mmoja mzima sikuingia darasani. Karo aliyonitumia mamangu, pesa za mahamri na mbaazi, niliila polepole: kodi ya chumba, bando za intaneti, chakula, na vitabu vya hadithi ambavyo havikuwa na uhusiano wowote na uhasibu. Kila Ijumaa alinipigia simu, na kila Ijumaa nikamwambia masomo yaendelea vizuri. Sasa yule aliyekuwa akijibu ile simu alikuwa nani? Mitandao ina jibu: ni kivuli chako, kikubali. Nyanyangu naye ana jibu: huyu mtoto ana kitu. Nataka kuyapima majibu haya mawili kwa vitabu. Vitabu ndivyo vilivyonitoa shuleni, basi angalau vinifae.

Tuanze na kile ambacho wengi wetu tulikutana nacho tukiwa wadogo. Shaaban Robert alichapisha Adili na Nduguze mwaka 1952. Adili ni mtawala wa Janibu, chini ya mfalme Rai. Mjumbe wa mfalme aitwaye Ikibali aenda Janibu kukusanya kodi, na usiku, akidhaniwa amelala, aona jambo lisiloeleweka: mwenyeji wake, mtu mwema kuliko wote mjini, awachapa manyani wawili kwa mjeledi. Akishawachapa alia. Akishalia awalisha chakula kizuri. Baadaye twaambiwa kwamba manyani hao ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu, waliomtupa baharini kwa husuda, na kwamba aliyewageuza ni jini wa kike, Huria, ambaye ndiye aliyemwamrisha Adili awachape kila usiku.

Wataalamu wamekwisha kuonyesha kwamba hadithi hii ina asili yake katika Alfu Lela Ulela. Hilo halinisumbui. Kinachonishughulisha ni majina. Adili, Hasidi, Mwivu: watoto wa nyumba moja. Ukiyasoma kwa haraka ni ndugu watatu. Ukiyasoma usiku wa manane, ukiwa umetoka kudanganya mtu kwenye simu, ni mtu mmoja mwenye vyumba vitatu. Mchana atawala kwa haki, usiku afunga mlango na kuchapa alichonacho ndani. Sijui picha nyingine katika Kiswahili inayoonyesha vizuri zaidi namna watu wema wanavyoishi na ubaya wao: wauadhibu kwa siri, wauonea huruma kwa siri, na wauandalia sahani.

Ile sahani ndiyo siri ya kitabu. Hakuna aliyemwamrisha Adili awalishe wale manyani kwa mapenzi vile. Mjeledi ni amri ya jini, lakini wali ni wake mwenyewe.

Hata hivyo nina ugomvi na Shaaban Robert, na nausema kwa heshima, kama mjukuu anavyobishana na babu. Manyani hawapewi nafasi ya kusema chochote. Wachapwa, walishwa, waombewa msamaha, warudishwa kuwa binadamu, wawa wema. Hakuna anayewauliza walikuwa wakitaka nini. Husuda ya Hasidi ilitoka wapi? Alikosa nini katika nyumba ile? Mwandishi ameshampa jina, na jina limemaliza kesi. Adili abaki safi tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, hata mjeledi si kosa lake. Mimi muhula ule nilijichapa kila usiku. Nilijiita kila jina baya ninalolijua. Asubuhi sikwenda darasani vilevile. Mjeledi haukunifikisha popote, kwa sababu nyani alikuwa na neno la kusema na mimi sikulisikiliza.

Kitabu cha pili ni cha juzi, na ni cha kwetu kabisa. Khadija Abdalla Bajaber ni mwandishi wa Mombasa mwenye asili ya Kihadhrami. Muswada wake wa The House of Rust ulishinda tuzo ya kwanza ya Graywolf Press kwa Afrika mwaka 2018, kitabu kikatoka 2021, na mwaka 2022 kikashinda tuzo ya Ursula K. Le Guin ilipotolewa kwa mara ya kwanza. Mhusika ni Aisha, msichana ambaye babake mvuvi amepotea baharini. Aamua kumfuata. Chombo chake ni mashua ya mifupa. Kiongozi wake ni paka anayeongea, Hamza, paka wa mwanachuoni. Baharini akutana na mazimwi matatu, la mwisho likiwa Baba wa Papa, na babake ampata.

Hamza ndiye jibu langu kwa ile chemshabongo. Huyu ni kiongozi, na ni kiumbe cha ajabu, lakini si Aisha. Hakutoka kifuani mwake. Ana elimu yake, ana kiburi chake cha kipaka, na ana sababu zake za kwenda baharini. Msichana hawezi kumgeuza kuwa picha ya hisia zake, yambidi amsikilize, amtilie shaka, abishane naye. Kila anayefuga paka Mombasa ajua kwamba paka hukaa kwako kwa hiari yake. Bajaber ameuchukua ukweli huo mdogo akaujengea riwaya.

Wasomaji wengi wapenda nusu ya kwanza, safari yenyewe. Na ni kweli, nusu ya pili yaenda polepole. Aisha arudi nchi kavu, na wanyama waanza kuongea kila upande, kunguru wakiwa mbele, na kuna kurasa ambapo Kiingereza chake kimejazwa picha hadi ukasahau nani asema na nani. Nilirudia sentensi kadhaa mara tatu. Lakini nimeamini kwamba uzito wa kitabu uko hapo. Mtu amekabiliana na baba wa papa wote, arudi nyumbani akute nyanyake yuampangia posa na kijana mpole wa mtaani. Nyanya si mbaya, na kijana si mbaya. Salama si jambo baya. Ila moyo wa msichana umeshaonja bahari, na sasa ana pande mbili kweli: upande unaotaka kukaa na upande unaotaka kwenda. Kitabu hakimwambii akumbatie zote. Mashua ni moja, na ukipanda umeacha ufuo.

Na wale kunguru! Huwezi kuelewa ujasiri wa kuwapa kunguru hekima kama hujaishi hapa. Sisi twawajua kwa wizi wa mayai na kelele za alfajiri. Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja. Bajaber amemchukua ndege tunayemchukia kuliko wote mjini akampa ulimi. Shaaban Robert alikuwa na manyani wawili akawanyima. Miaka karibu sabini yawatenganisha waandishi hawa, na mimi naona safari ya fasihi yetu katika jambo hilo moja: kiumbe amepewa kusema.

Lina ila moja ambalo si kosa la kitabu bali ni la hali yetu. Limeandikwa kwa Kiingereza, na nyanyangu hasomi Kiingereza. Basi nilimhadithia mimi, usiku baada ya usiku, stima zikikatika na zikirudi. Alisikiliza kimya. Nilipofika mwisho wa safari ya baharini aliniuliza jambo moja tu.

"Na yule paka, alilipwa nini?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Kwake hadithi haikuwa imekamilika. Kiumbe amekuongoza, amekutoa kwenye vinywa vya mazimwi, kisha hukumuuliza ataka nini? Huo ni utovu wa adabu, na ni hatari.

Nyanyangu asema hivyo kwa sababu alikulia kwenye ngoma. Hapa lazima niseme juu ya pepo, ambao vijana wengi tunawacheka mchana na usiku hatupiti peke yetu. Kwa utaratibu wa zamani wa pwani, pepo ana kabila. Kuna pepo wa Kiarabu, wa Kihabeshi, wa Kipemba, wa Kimasai, na hata wa Kizungu. Kila mmoja ana lugha yake, nguo zake, chakula chake: huyu ataka halua na maji ya waridi, yule ataka damu, mwengine ataka kofia na sigara. Pepo akipanda, mtu aliyepandwa huitwa kiti. Mganga hamwambii mgonjwa ajikubali. Amgeukia mgeni na kumuuliza: Weye nani? Watoka wapi? Wataka nini? Kisha wapatana. Utapewa hiki, siku fulani, na siku zilizobaki umwache mwenye mwili afanye kazi zake.

Linda Giles, aliyetafiti vilinge vya pwani, aliandika mwaka 1987 kuwapinga waliodai kwamba mambo haya ni ya wanyonge wa pembezoni tu. Alionyesha kwamba watu wa katikati ya jamii wamo pia. Kjersti Larsen, katika kitabu chake cha mwaka 2008 kuhusu Unguja, ameeleza jinsi watu na masheitani wanavyoishi pamoja kama watu wawili tofauti wanaotumia mwili mmoja. Ukiyaweka haya pamoja jambo moja lajitokeza. Orodha ya makabila ya pepo ni orodha ya wote waliopita hapa: waliokuja kufanya biashara, waliotutawala, tuliowauza, tuliowaogopa. Mji mzima umeweka historia yake ndani ya miili ya watu, nyingi yao ya kina mama. Kwa hiyo zile pande zinazopingana si siri ya moyo wa mtu mmoja aliyesimama kwenye feri na simu yake. Mwarabu, Mhabeshi, Mmasai na Mzungu wamo ndani ya mji kwanza, kisha ndio wakaja kwako. Chemshabongo haina nafasi ya jambo hili. Inakupa mnyama wa Ugiriki na kukuacha peke yako naye.

Neno kiti lanipendeza kuliko kukumbatia. Kiti hukaliwa kwa muda. Mgeni akiondoka kiti chabaki kuwa kiti.

Lakini nisije nikauza uganga hapa. Lugha ya majini ina madhara yake, na mkosoaji anayeyanyamazia ni mwongo. Kilifi, si mbali na hapa, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Nimeona mitaani kwetu watu wenye kifafa wakizungushwa kwa waganga miaka nenda miaka rudi huku dawa iko hospitalini. Kiumbe akipewa makosa yote, kuna binadamu mahali fulani atalipishwa, na mara nyingi ni mnyonge.

Kuna na hatari ya pili, ya kichinichini. David Parkin aliandika mwaka 1970 kuhusu Wagiriama waliopandwa na pepo wa Kiislamu. Pepo hao waliwakataza tembo na nyamafu, na waliopandwa wakalazimika kuingia Uislamu ili wapone. Katika kitabu cha mwaka 1972 akaongeza jambo la kusisimua: baadhi yao walikuwa wakulima wenye kujitafutia mali, na mwiko wa kula na kunywa pamoja na wengine uliwapa njia ya kukwepa gharama za ujirani bila kumtukana mtu. Siwaiti waongo. Naamini walikuwa wagonjwa kweli. Ila pepo alisema kwa niaba yao neno ambalo wenyewe wasingeweza kulisema: sitaki. Hapo pepo ni rehema, na ni kichaka cha kujifichia pia.

Nalijua hilo kichaka, maana nilipewa nafasi ya kuingia.

Niliporudi Likoni na begi langu, katikati ya muhula, nyanyangu hakutaka maelezo. Aliita maalimu. Nikaandikiwa kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, nikalinywa. Nikafukizwa. Maalimu akanisomea, kisha akauliza kwa sauti ya upole, hakuniuliza mimi, alimuuliza aliyemo: "Weye nani? Wataka nini?"

Kimya. Nje boda zapita. Nilikuwa nina kiu na macho yaniwasha kwa moshi. Mwaka mzima watu walikuwa wameniuliza nafanya nini, nasoma nini, namaliza lini. Hakuna aliyekuwa ameniuliza nataka nini. Nikasikia sauti yangu ikisema: "Sitaki uhasibu."

Nyanyangu akapiga kigelegele cha chini chini. "Amesema!"

Mamangu alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina unga. "Mama," akasema, "jini gani huyo aujuaye uhasibu?"

Nadhani hapo ndipo nilipoanza kupona, kama nilikuwa mgonjwa. Ingekuwa rahisi mno kumwachia yule jini kila kitu. Nyanya alikuwa tayari kuamini, maalimu hakuwa na haraka, na mtaa ungenionea huruma. Mamangu alikataa. Usiku, tukipepeta unga, alisema bila kuniangalia: "Jini hakula pesa zangu. Pesa zangu umekula weye. Lakini kama alilosema ni kweli, basi tukae tupatane."

Tukapatana. Saa kumi alfajiri nakanda unga na kuchoma mahamri pamoja naye. Mchana ni wangu, naandika. Kila mwezi namlipa shilingi elfu mbili za karo iliyoliwa, mwezi nikipata kazi ya kuandika namlipa zaidi. Hajaniambia nijikubali. Hajaniambia nijichape. Yule mwongo wa kwenye simu amepewa sahani yake na zamu yake: naye ndiye anayetunga hadithi mchana, kazi anayoiweza. Yule mwengine ndiye anayehesabu mahamri na kuandika deni kwenye daftari. Kumbe uhasibu kidogo ulibaki.

Wapo watakaosema nimeipa chemshabongo uzito usio wake. Ni mchezo tu, bana. Labda. Lakini najua watu wa rika langu ambao hawana maalimu, hawana nyanya wa kuuliza paka alilipwa nini, na hawana vitabu hivi, kwa sababu kimoja walikisoma kwa ajili ya mtihani na kingine bei yake ni mshahara wa siku kadhaa. Wana simu. Na simu yawaambia kwamba kila kilichomo ndani yao ni kizuri, kinasubiri kukumbatiwa tu. Kuna vitu ndani yangu vilivyomla mama karo. Sivikumbatii. Navijua. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na mimi nimeanza kuisoma methali ile kwa pande zote mbili: zimwi unalolijua nalo lina mipaka ya kukula.

Kuna kiumbe mmoja ambaye nimemweka mwisho makusudi. Wagiriama wamwita Katsumbakazi. William Taylor, mmisionari aliyeandika msamiati wa Kigiriama mwaka 1891, alimtaja, na Alice Werner akamrudia katika kitabu chake cha mwaka 1933. Ni pepo mfupi sana, huonekana mchana, na aona haya kwa udogo wake. Akikutana nawe huuliza swali moja tu: Umeniona wapi? Ukijibu hapa hapa, yaani hukumwona mpaka ulipomkaribia, siku zako zahesabika. Ukijibu kwamba ulimwona tangu kule mbali, akuacha uende zako, na pengine bahati ikufuate.

Juzi tukisubiri mafuta yachemke nilimuuliza mamangu alijua lini kwamba nilikuwa namdanganya. Nilitarajia aseme siku niliporudi na begi. Akageuza hamri la kwanza kwa mwiko, likafura.

"Ijumaa ya pili," akasema. "Nilikuona tangu kule mbali."